Nyuma ya Nguzo ya Fundi

Siku ile udongo ulitingishika, hapa Kolwezi hakuna mutu alikimbia. Munielewe vizuri. Sisi batu ba hapa tulizeeka pamoja na baruti ya mashimo ya shaba. Kule kwa shimo ya Mashamba bakipiga baruti, huku kwetu bikombe binalia ndani ya kabati, mbwa inasimama, kisha inalala tena. Kwa hiyo ile asubuhi, wakati bikombe bilianza kulia, bibi yangu, mama wa batoto bangu, alifanya vile anafanya siku zote: aliweka mukono moja juu ya bikombe na mukono mwingine juu ya sufuria ya chai, akangojea baruti ipite. Haikupita. Yeye anaendelea kushika, mi naendelea kunywa, na ukuta wa nyuma ukashuka kule inje pole pole, kama muzee mwenye anaumwa magoti na anatafuta kiti. Njo bibi yangu akaniita Tata, ni kusema baba, akasema:

"Tata, hii baruti ya leo haina adabu."

Baadaye redio ikasema ilikuwa tetemeko la kweli. Bengine habakukubali. Bakasema ni bale bachimbaji ba Kasulo, benye banatoboa chini ya vitanda vyao mpaka nyumba inasimama juu ya hewa. Bengine bakasema ni zambi. Mi sijui. Mi sikusoma sana, nilisoma kidogo tu, ya kutosha kuandika jina yangu na kusoma bibao bya maduka, kisha nikaingia kazi ya kutengeneza kinga. Kinga, kama weye ni mugeni, ni baiskeli. Ile kazi inafundisha mutu kuinama na kusema. Mukono iko chini kwa cheni, kinywa iko juu kwa batu. Njo vile nilipata sifa ya kupiga hadithi. Mutu alikuwa analeta kinga yenye haikuharibika, ili akae asikilize.

Lakini nilitaka kusema juu ya avenyu.

Nyumba yetu ilipoteza ukuta moja, ni kitu kidogo. Kwenye kulivunjika kabisa ni avenyu ya zamani ya maduka, katikati ya muji, ile yenye ilijengwa wakati ya Babelgiji. Mistari mbili ya maduka zinaangaliana, na mbele ya kila duka barza. Barza ni ile nafasi ya mbele yenye kivuli, paa yake inabebwa na nguzo, pale mutu anakaa bila kununua kitu na hakuna mwenye kumufukuza. Upande moja kulikuwa duka ya Mugiriki, duka ya mama wa mukate, na kiti yangu ya kinga. Upande wa ng'ambo kulikuwa maduka ya bitambaa, na katikati yao barza ya fundi wa nguo.

Na huyu fundi, sasa, acha nimuseme.

Ni Muislamu, bazazi bake balitoka Maniema na biashara. Mutu murefu, mwenye sauti ya chini, mwenye alikuwa anapima mutu kwa macho mbele ya kukamata kamba ya kupimia. Alipozeeka alienda Sandoa kukaa kwa binti yake, na mi nikapumua. Nilifikiri imekwisha. Kisha tetemeko likapita, akasikia kwamba muji unataka kujenga avenyu upya, na muzee akarudi juu ya kamyo ya muhogo, ndevu nyeupe, kanzu safi, na meno yote. Meno yote! Kwa umri wetu hiyo ni majivuno.

Mi ni mutu wa wivu, siwezi kuficha, na hata nikificha bibi yangu atawaambia. Nilikuwa na wivu hata ya padri, kwa sababu bibi yangu alikuwa anamusikiliza mpaka mwisho bila kumukata maneno. Lakini wivu ya fundi ilikuwa ya kila siku, kama bukari, ile ugali yetu. Miaka ile ya avenyu, kila muchana, jua likigeuka, bibi yangu alikuwa anakuja na kitambaa kimekunjwa chini ya kwapa. Ananisalimia, anavuka, anaingia kwa barza ya fundi, anapita nyuma ya nguzo ya kati. Pale anapotea. Kisha nasikia kicheko. Mi nikimuuliza, anajibu:

"Naenda kushonesha inifomu ya batoto."

Inifomu ya batoto ilikuwa moja kwa kila mutoto, na ilishonwa mwaka muzima.

Bengine bataniuliza: kwa nini hukuenda kumushitaki huyu mwanaume? Njo hapa pana shida yenyewe. Fundi ni mutani wangu. Bazee ba kwetu, kaskazini ya Katanga, na bazee ba kwabo, ba Maniema, balipigana zamani sana, bakaibiana mbuzi na banamuke, mpaka bakachoka. Kisha bakakutana kwa kambi ya bafanyakazi ba mashimo, bakalala mustari moja ya nyumba, bakaona aibu ya kuendelea, bakafanya utani. Mutani wako anaweza kukutukana mbele ya bakwe bako. Anaweza kukamata kuku yako akaenda nayo. Siku ya kilio kwako, wakati bote banalia, anaweza kulala juu ya kitanda ya marehemu na kuomba chai ya sukari mingi. Na we huna ruhusa ya kukasirika. Ni mambo mazuri, inaponya muji. Ni mazuri mpaka siku we uko na neno ya kweli ya kumuambia.

Sasa, komini, ni kusema ofisi ya muji, ikatuletea madamu wa plani, wa kuchora majengo. Mwanamuke wa Kinshasa, kofia ya manjano, biatu bya kazi, na Kiswahili ya kujifunza, safi kuliko yetu. Alikusanya bazee bote benye balikaa kwa avenyu, ndani ya kiwanja ya mupira ya shule ya paroisi, kwa padri. Akatueleza:

"Wazee wangu, malori lazima yapate barabara pana. Hatuwezi kujenga pande zote mbili. Upande mmoja tutaurudisha kama ulivyokuwa, nguzo kwa nguzo. Upande wa pili utaingia barabarani. Picha za zamani hatuna. Kwa hiyo nyinyi ndio mtatuonyesha."

Upande moja utafufuka, upande moja utakanyagwa na kamyo za shaba. Mi nikaapa ndani ya roho: upande wangu ufufuke, na barza ya fundi ikanyagwe. Ikanyagwe muchana na usiku, na mbele na nyuma ya nguzo.

Madamu alikuwa amechora avenyu yote kwa majivu juu ya udongo wa kiwanja: mustari kwa ukuta, duara kwa nguzo, alama kwa mulango. Akasema:

"Kila mmoja asimame pale alipokuwa anakaa zaidi."

Ilikuwa kitu ya ajabu kuona. Bazee bakaingia ndani ya majivu na kuanza kupiga hodi. Mama moja alikataa kupita kwa ukuta, alizunguka mpaka kwa mulango. Mama wa mukate alipofika kwake aliinama, kwa sababu mulango wake ulikuwa mufupi, na hapa juu ya kichwa yake kulikuwa mbingu tu. Mi nikaenda mbele ya duka ya Mugiriki, nikaweka kiti yangu, nikatandaza miguu kama gurudumu iko katikati. Kisha nikasogea kidogo kushoto, nimuachie bibi yangu nafasi.

Bibi yangu alikuja, amevaa kitenge cha misa. Akafika mbele yangu. Akanipita. Akasimama kwa mupaka ya avenyu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama kamyo ingeweza kutokea ndani ya majivu, akavuka, akaenda kusimama nyuma ya duara ya nguzo ya fundi.

Na fundi, mbele ya ile nguzo, alikuwa amekwisha kukaa chini na kukunja miguu.

Kiwanja yote ilipasuka na kicheko.

"Tata ya Kinga!" mama wa mukate akapiga kelele. "Bibi anahama bila kubeba hata sahani!"

"Mwache," mwingine akajibu. "Kinga haina nafasi ya babili, sharti moja akae nyuma!"

Mi nilicheka pamoja nabo. Ungefanya nini? Lakini wivu yangu haianzi ndani ya roho, inaanzia ndani ya masikio. Yanapata moto, kisha nasikia kila kitu: nilisikia hata bangili zake, kutoka kule ng'ambo, zikigongana wakati alipanga kitenge yake. Alikuwa na uso wa mutu mwenye amefika kwake. Uso huo mi niliuona mara chache ndani ya nyumba yangu.

Kisha tukaitwa ndani ya sale ya paroisi, ile nyumba ya mikutano, kwa kusema mbele ya madamu. Alitandika karatasi kubwa kwa ukuta, akasema kwamba batu benye balisimama upande huu na ule banakaribia kulingana, hivi anataka kusikia maneno. Mi nilikuwa nimetayarisha maneno ya akili. Nilitaka kusema pole pole kwamba barza ya fundi si ya zamani sana, kwamba iliongezwa baadaye, kwamba kivuli yake haikuwa nzuri. Uongo mudogo, wa heshima. Niliposimama, nikaona fundi amekaa nyuma ya bibi yangu, na ameinama kumuambia kitu kwa sikio, na bibi yangu anaficha kinywa kwa mukono.

Maneno ya akili yakakimbia.

"Ule upande usijengwe!" nikasema. "Ule upande ni ya mwizi. Huyu muzee aliniibia bibi!"

Kicheko ikatoka mpaka inje ya madirisha. Fundi akasimama, akanyoosha kanzu.

"Sikumuiba, mutani. Alikuja mwenyewe, anakimbia harufu ya mafuta ya cheni."

"Kelele, mukia ya mbuzi ya Maniema! Hayo meno uliazima wapi?"

"Ni yangu yote. Muulize bibi yako."

"Yoo, mama!" sale yote ikaitika, na banamuke bakapigana mabega.

"Tata fundi, usimumalize," mama wa mukate akasema, machozi ya kicheko ndani ya macho. "Tukimukosa, nani atatupigia hadithi?"

"Mi sifanyi utani!" nikalia. "Leo sifanyi utani! Nasema kweli!"

Hapo balianguka kabisa, kwa sababu mutani muzuri njo anasema vile. Sijawahi kupiga hadithi yenye ilifurahisha batu namna hii, na ile haikuwa hadithi. Madamu tu hakucheka. Batu ba Kinshasa habajui huu utani wetu. Akachukua kalamu yake, akaniangalia kwa heshima.

"Baba, eleza. Uliona nini hasa?"

Eh! Mutu wa kunisikiliza. Nikaenda mbele, nikasimama kando ya karatasi, nikamutolea byote. Nilimuambia kwamba nguzo zilikuwa na pembe chini na duara juu, zimepakwa chokaa mpaka kiuno, na ile ya kati ina alama nyeusi pale fundi alikuwa anaegemeza mugongo. Kwamba benchi ya simenti ilivunjika kona, na ile kona njo bateja balikuwa banaweka sigara. Kwamba bati ilikuwa na tundu, na jua likapita ndani likashuka kwa sakafu kama sahani ndogo, likatembea muchana wote, na likifika kwa mukeka wake, anasimama kwenda kuswali. Kwamba mulango ulikuwa wa bluu, wa mbao mbili, moja haikufunguka hata siku moja. Kwamba mvua ikinyesha, mufereji unaziba na bipande bya bitambaa na maji inatoka na rangi. Kwamba nguo zenye zilikwisha kushonwa zilikuwa zinatundikwa kwa misumari ya juu, na ukiangalia kutoka kwangu, ni kama banamuke benye habana kichwa banangojea kuitwa.

Kalamu ya madamu ilikimbia. Batu baliacha kucheka. Bengine balianza kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ule mulango, ndiyo, ule mufereji. Mi niliona kwamba nawashinda, nikaongeza sauti. Nilifikiri kila musumari wenye nautaja unamufunga fundi.

"Na nyuma ya nguzo ya kati?" madamu akauliza. "Palikuwa na nini?"

Ndani ya ile avenyu yote, pale tu sikuwahi kupaona.

"Sijui," nikasema. "Nguzo ilifunika."

"Kulikuwa masini ya pili ya kushona."

Ilikuwa sauti ya bibi yangu. Hakusimama. Alisema akiwa amekaa, mikono juu ya magoti.

"Fundi alikuwa na masini mbili. Muchana akitoka kuswali, analala. Ile ya nyuma alinipa mi. Zile robe, zile gauni za kola ya duara, zenye banamuke ba muji huu balizipenda, bote balifikiri mi napima tu, na kushona ni mukono ya fundi. Ni mukono yangu."

Mama wa mukate akageuka na kiti yake.

"Ile robe yangu ya ndoa?"

"Ni mi."

"Na ile ya ubatizo ya mutoto wangu mukubwa, yenye pindo?"

"Ni mi, mama. We ulikuja kupimwa, ukakataa kutoa pumzi, tukacheka mpaka nikachoma kidole na sindano."

Njo kicheko yenye nilisikia miaka yote. Banamuke, na kiuno ya mama wa mukate.

"Mutani," fundi akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani sana, "mi sikuiba kitu. Mi nililala tu."

Madamu alipiga mustari chini ya mchoro yake, akasema kwamba sasa anaona wazi, upande wa fundi njo utajengwa. Nikamuuliza, na upande wetu? Akanijibu bila ubaya:

"Baba, ule upande tumeuona kwa macho yako. Lakini wa kwako hukutuambia hata neno moja."

Ilikuwa kweli. Ningesema nini? Duka ya Mugiriki ilikuwa na mulango wa rangi gani? Mi nilikaa pale ujana wangu wote, na mugongo wangu ndani yake, naangalia ng'ambo.

Nyumbani bibi yangu alianza kuchambua sombe, majani ya muhogo, kama hakuna kitu. Nilizunguka kiwanja ya nyumba, nikaangalia ule ukuta wenye ulianguka, nikarudi.

"Mama."

"Tata."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungehamisha kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti yako. Ungevuka nayo, ungekaa pale, ungeanza hadithi. Na banamuke bangekusikiliza weye. Unajua vile uko. Pale nyuma, Tata, batu balikuwa bananisikiliza mi."

Alitupa majani mabaya kando. Mwanaume akikuchukulia bibi, unajua kitu ya kufanya: unamufuata na fimbo, unapiga makelele, bazee banaitwa. Lakini nitamupiga nani? Masini? Ningemushitaki muchana? Bibi yangu alikuwa na furaha yake nzima mbele ya macho yangu, ng'ambo ya barabara tu, na mi sikuwa ndani yake hata kwa kiasi ya uzi. Na zile inifomu, na biatu bya batoto, bitu byenye nilifikiri binatoka kwa kinga zangu, kumbe kwa masini yake! Nilimuonea fundi wivu ya bure, na nikagundua kwamba wivu yenyewe haikutoka. Ilihama tu. Kwa fundi niliweza kutaja meno. Kwa huyu mwanamuke mwenye robe zake, mwenye sikumujua, sikuwa na kitu ya kutaja.

"Na leo alikuambia nini kwa sikio?" nikauliza. "Fundi."

"Alisema: mutani wangu amesimama, tukae tayari kucheka."

"Ni hivyo tu?"

"Tata, kula."

Bakajenga. Udongo ya matofali balitoa ndani ya kichuguu kubwa ya njia ya mashamba, ile udongo inayochomeka vizuri na inakuwa nyekundu kama zamani. Balifuata mchoro. Nguzo, pembe chini, duara juu. Benchi baliacha bila kona. Mulango bluu. Hata mbao moja baliipigilia isifunguke, mpaka fundi akalalamika, lakini madamu alisema muzee wa kinga alisema hivyo. Tundu ya bati tu bafundi ba kujenga balikataa kutoboa. Upande wangu baliusawazisha na mashini, bakaumwagia mawe na lami, na kamyo ya kwanza ikapita juu ya nafasi ya kiti yangu, imejaa, bila kupiga honi.

Fundi akarudisha masini zake, mbili. Bibi yangu akatoa ile kitambaa, akaikunja, akaiweka chini ya kwapa. Mi nikachukua kiti yangu, nikamufuata. Tulipofika kwa barza, fundi akanyoosha mikono:

"Karibu kwa mwizi, mutani!"

"Nimekuja kuhesabu meno," nikajibu.

Nikabeba kiti mpaka kwa nguzo ya kati, nikataka kuzunguka. Bibi yangu akaweka mukono juu ya kifua yangu, vile anaweka juu ya bikombe siku ya baruti.

"Ule upande, Tata."

Basi nakaa ule upande, mbele ya nguzo, na mugongo wangu unaanza kuweka alama yake kwa chokaa. Nafika wa kwanza kila asubuhi, fundi hajafungua. Batu banakuja, napiga hadithi, banacheka. Nyuma yangu masini inalia. Banamuke banapita kando yangu na bitambaa byao, banazunguka nguzo, nawasikia banasema chini chini. Na kila mara masini inanyamaza, mi nakata hadithi, nageuza kichwa, nisikie.